Bunduki ya .22 ya Kawaida Kwenye Meza ya Mashindano: Mwongozo kwa Walengaji wa Arusha

Kuzunguka Mlima Meru, bunduki ya .22 inahesabiwa kuwa bunduki ya shamba: nyepesi, mlio mdogo, teke lake halimtishi hata anayejifunza. Wenye leseni wengi huitoa kabatini mara chache kwa mwaka, wakaifuta mafuta, wakairudisha. Upo mchezo unaoifaa bunduki hiyohiyo bila kuibadilisha sana. Ni mchezo wa kulenga mezani.

Mlengaji anaketi kwenye kiti mbele ya meza nzito. Bunduki inalala juu ya kiegemeo mbele na mfuko wa mchanga nyuma. Shabaha iko mita 50, nayo ni karatasi yenye maduara 25 ya kuhesabiwa, kila duara risasi moja, alama ya juu 250. Pembeni kuna maduara ya majaribio ambayo hayahesabiwi. Mchezo huu ulikomaa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na chama chao cha kitaifa kikaundwa mwaka 1951. Kwa bunduki za .22 na za upepo, shirikisho la dunia ni WRABF, na barani kwetu Afrika Kusini ni miongoni mwa wanachama wake.

Shirikisho hilo lina daraja la bunduki nyepesi za kuwindia. Uzito wote, darubini ikiwemo, usizidi kilo 3.855, na darubini isikuze zaidi ya mara 6.5. Bunduki ya CZ ya kawaida ina uzito wa takriban kilo 3 bila darubini, kwa hiyo inaingia bila kupunguzwa kitu. Wapo wanaoingia daraja hilo na mitutu iliyotengenezwa kwa oda kwa ajili ya mashindano tu, na bunduki ya dukani haitawashinda kila siku. Lakini tofauti kati yako na wao ni ndogo kuliko unavyodhani, na sehemu kubwa yake haimo kwenye bunduki. Imo kwenye risasi, kwenye mifuko na kwenye upepo. Mwongozo huu umepangwa kwa imani hiyo.

Hatua ya kwanza: karatasi za serikali kabla ya karatasi ya shabaha

Silaha za raia Tanzania zinaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Maombi huanzia chini, kwenye serikali ya mtaa au kijiji, yakapanda kupitia kamati za ulinzi na usalama na Jeshi la Polisi. Usitafute njia ya mkato. Leseni ni ya mtu, si ya nyumba: shemeji yako hawezi kuchukua bunduki yako akaenda nayo mazoezini kwa sababu tu mnakaa boma moja. Risasi nazo hununuliwa kwa muuzaji mwenye leseni, kwa kiasi ambacho kibali chako kinaruhusu, na hili litagusa mpango wako wa majaribio huko mbele.

La pili ni mahali. Risasi ya .22 inaonekana mchezo, lakini ikikosa kizuizi inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu. Tazama ramani ya Tengeru, Usa River au Ngaramtoni: ndani ya umbali huo kuna migomba, njia za watoto wa shule, ng'ombe na nyumba. Kwa hiyo mazoezi ya nyuma ya banda la kahawa hayapo. Tumia uwanja ulioidhinishwa, wenye tuta refu la udongo nyuma ya shabaha, na polisi wa eneo wakijua. Kama mko kadhaa wenye leseni na nia, undeni klabu na muisajili chini ya taratibu za Baraza la Michezo la Taifa, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Klabu yenye katiba na orodha ya wanachama inasikilizwa. Kikundi cha marafiki wenye bunduki kinazua maswali, na kwa haki kabisa.

Hatua ya pili: kagua ulichonacho

Bunduki ya kuvuta bolti kwa mkono ndiyo inayofaa. Brno za zamani, CZ 452, CZ 455 na CZ 457 ni mifano mizuri, na zote zina mfereji wa milimita 11 juu ya mwili wa bunduki wa kufungia darubini. Hakikisha haina risasi, kisha toa bolti na uchungulie mtutu kutoka nyuma ukiuelekeza kwenye mwanga. Unatafuta kutu, hasa kama bunduki ilikaa upande wa kusini wa mlima wakati wa masika, ambako unyevu hula chuma hata ndani ya kabati. Kisha tazama mdomo wa mtutu kwa kioo cha kukuzia. Ukingo wa tundu uwe safi pande zote. Pengo dogo hapo huisukuma kila risasi upande mmoja wakati inatoka, na hakuna darubini itakayolitibu.

Pitisha kipande cha karatasi kati ya mtutu na ubao wa bunduki, kutoka mbele kurudi nyuma. Kikikwama, ubao unaugusa mtutu, na siku ya jua kali utausukuma tofauti na asubuhi ya baridi. Msasa wa taratibu unatosha, kisha paka vanishi pale ulipokwangua ili ubao usinywe maji. Skrubu zinazoshika mwili wa bunduki kwenye ubao zikazwe kwa kipimo kilekile kila mara. Niutoni-mita 2 hadi 2.5 ni mahali pazuri pa kuanzia. Mwenye kukaza kwa kukisia atapata bunduki mpya kila Jumamosi.

Triga ya kiwandani mara nyingi ni nzito kuliko inavyofaa kwa meza. Kazi hii mpe fundi bunduki mwenye leseni, na akimaliza, jaribu bunduki ikiwa tupu: funga bolti kwa nguvu, gonga kitako kwa kiganja. Triga ikijiachia yenyewe, imelegezwa kupita kiasi na haifai kuingia uwanjani. Usiguse namba ya bunduki wala usikate mtutu.

Hatua ya tatu: darubini

Ukuzaji wa mara 6.5 ni mdogo. Katika mita 50 huoni tundu la risasi vizuri kila mara, na hiyo ni sehemu ya mchezo. Jambo la kujali kuliko ukuzaji ni umbali ambao darubini imepangiwa. Darubini nyingi za kuwindia wanyama wakubwa zimepangwa kwa mita 100 au zaidi. Ukizitumia kwa mita 50, msalaba unahama juu ya shabaha kadiri jicho lako linavyosogea. Kujua ni rahisi: bunduki ikiwa imetulia juu ya mifuko, sogeza kichwa kidogo kushoto na kulia bila kuigusa. Msalaba ukitembea, tafuta darubini iliyotengenezwa kwa .22, au yenye kirekebishi cha umbali. Usipoipata, jifunze kuweka shavu mahali palepale kila risasi.

Hatua ya nne: meza na mifuko, ambako fedha kidogo hufanya kazi kubwa

Hapa Arusha ina faida. Meza nzuri haiagizwi nje. Mafundi wa mtaa wa Unga Limited wanaweza kukuchomelea miguu mitatu ya bomba zito, na fundi seremala akaweka ubao mnene wa mkaratusi juu. Miguu mitatu, si minne, kwa sababu mitatu haiyumbi hata kwenye ardhi isiyo sawa. Uwanja ukiwa wenu wa kudumu, mimineni meza ya zege na muisahau.

Mifuko ishonwe kwa ngozi au turubai nzito. Jinzi ya mtumba kutoka soko la Kilombero, ikikunjwa mara mbili, inatosha kwa kuanzia. Mfuko wa nyuma uwe na masikio mawili yaliyosimama, kitako kikae katikati yake. Mwambie fundi, "Fundi, masikio yasimame yenyewe, yasilale," vinginevyo atakushonea mto wa kulalia. Ujaze mchanga wa mtoni uliooshwa, ukakaushwa juani na kuchekechwa. Usitumie vumbi la majivu ya volkano linalojaa njia zetu: linajipenyeza kwenye mishono na kuishia ndani ya bolti. Jaza hadi mfuko uwe mgumu. Mfuko laini unafinyangika chini ya bunduki na kila risasi inaanza mahali tofauti.

Kiegemeo cha mbele kiwe na kimo kinachorekebishika kwa skrubu. Paka poda ya mtoto pale ubao unapoteleza. Ukimaliza kupanga, vuta bunduki nyuma kwa sentimita mbili kisha irudishe, ukitazama ndani ya darubini. Msalaba ukishuka au kupanda wakati wa kuvuta, kitako hakijalingana na mwendo wa bunduki. Rekebisha mifuko hadi msalaba usafiri karibu bila kupotoka. Zoezi hili la dakika tano halili risasi hata moja, na ndilo linalopuuzwa kuliko yote.

Hatua ya tano: chagua risasi kwa subira ya mnunuzi wa ng'ombe

Risasi ya .22 ndefu, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1887, haijazwi upya baruti nyumbani kama risasi kubwa. Unachonunua ndicho unachopiga. Kwa hiyo kiwanda na toleo la risasi ni sehemu ya bunduki yako.

Kanuni ya kwanza: nunua zile za kasi ya kawaida, zenye risasi ya gramu 2.6 inayotoka kwa takriban mita 320 hadi 330 kwa sekunde. Hiyo ni chini ya kasi ya sauti, ambayo kwa nyuzi 15 ni mita 340. Zile za kasi kubwa zinavutia macho dukani, lakini zinatoka juu ya kasi ya sauti, hewa inazikaba zaidi, na zinapofika mita 50 zinakuwa zinakaribia kuivuka zikishuka. Matokeo yake ni kinyume cha matarajio ya wengi: risasi ya haraka husukumwa na upepo zaidi kuliko ya polepole.

Kanuni ya pili ni usawa. Kutoka mdomo wa mtutu hadi mita 50, risasi ya aina hii inaanguka kama sentimita 12 na nusu chini ya mstari wa mtutu. Risasi moja ikitoka pungufu ya nyingine kwa mita 10 kwa sekunde, itaanguka karibu milimita 8 zaidi. Huo ni ushindi au kushindwa katika duara moja, na hukufanya kosa lolote. Ndiyo maana viwanda kama Eley cha Uingereza, na Lapua na SK vinavyotengeneza risasi Schönebeck, Ujerumani, huuza madaraja tofauti ya risasi zinazofanana kwa sura.

Bunduki haisomi bei kwenye boksi. Chukua aina tatu au nne, kila moja boksi moja la 50. Piga kumi za kwanza pembeni ili mtutu uzoee nta ya aina hiyo, kisha makundi matano ya risasi tano, asubuhi isiyo na upepo. Usiangalie kundi dogo kuliko yote; bahati hutengeneza kundi moja dogo kwa kila risasi duniani. Angalia lile baya kuliko yote, maana litakuja siku ya mashindano. Ukipata risasi inayopendwa na mtutu wako, andika namba ya toleo iliyochapwa kwenye boksi na nunua toleo hilohilo kwa kadiri kibali na mfuko vinavyoruhusu. Toleo jingine la jina lilelile ni risasi nyingine.

Mwinuko je? Arusha mjini ni takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Katika mita 50 hilo linainua risasi kwa milimita moja hivi na kupunguza kidogo nguvu ya upepo. Rekebisha darubini ukifika, basi. Baridi ya Julai ina madhara zaidi, kwa sababu nta huwa ngumu na baruti huungua tofauti. Usiache risasi ndani ya gari usiku kucha halafu utegemee ziwe kama za jana mchana.

Hatua ya sita: jifunze upepo wa Meru

Hapa ndipo bunduki ya dukani inapowashinda wakubwa. Upepo wa kukata wa mita moja kwa sekunde, ule ambao hata jani la mgomba hauligeuzi, unaisukuma risasi yako milimita 5 hadi 7 katika mita 50. Mtutu wa gharama kubwa unasukumwa vivyo hivyo.

Mlima wenye urefu wa mita 4,566 una hewa yake. Usiku hewa baridi huteremka kutoka mlimani kama maji, na asubuhi mapema utaihisi ikitoka upande wa msitu. Jua likishachoma miteremko, hewa hugeuka na kuanza kupanda. Kati ya kushuka na kupanda kuna muda mfupi wa utulivu, na mwenye akili huutumia kupima risasi. Baadaye upepo mkuu, ambao kwetu hutoka zaidi mashariki, hushika hatamu. Anayetaka ushahidi atazame viwanja vya ndege vya Kisongo na Kilimanjaro (KIA): njia za kurukia za vyote viwili zimelazwa mashariki na magharibi.

Kwa wanaojenga uwanja, hilo ni ushauri. Mkipiga kuelekea kaskazini, mlima mbele yenu, upepo mkuu utawakata ubavuni siku nzima. Mkipiga kuelekea magharibi, jua la asubuhi linakuwa mgongoni na upepo unafuata risasi. Huko kasoro ni moja, upepo wa mgongoni hupenda kuyumba kushoto na kulia bila taarifa. Mimi ningechagua magharibi hata hivyo. Upande wa Oldonyo Sambu ni mkavu na wazi, upepo unakuja kwa mafungu yenye vumbi, hasa Septemba na Oktoba. Upande wa Tengeru una miti inayovunja upepo, lakini nyuma ya miti hewa huzunguka, na kuzunguka ni kugumu kusoma kuliko kuvuma.

Tengeneza bendera. Vijiti vinne, kila kimoja na utepe mwepesi wa nailoni au kitambaa chepesi, vipandwe kwa mstari kutoka mezani hadi karibu na shabaha, chini ya njia ya risasi. Iliyo karibu nawe ipe uzito zaidi: risasi ikipotoshwa mapema, inaendelea kupotoka njia nzima.

Kisha angalia mshazari. Mitutu mingi ya .22 ina mifereji inayozunguka kulia, na kwa hiyo upepo unaotoka kulia hupeleka risasi kushoto na juu kidogo. Unaotoka kushoto huipeleka kulia na chini. Ukiona risasi zako zimejipanga kwa mshazari kutoka juu kushoto hadi chini kulia, bunduki ni nzima. Kinachosema ni upepo.

Usifukuze upepo kwa kugeuza vibonye vya darubini. Chagua hali moja, kwa mfano bendera zote zikiinama kulia nusu, piga duara la majaribio hadi ujue risasi inatua wapi katika hali hiyo, kisha lenga maduara ya kuhesabiwa wakati hali hiyo inarudi. Ikibadilika, toa kidole kwenye triga. Subiri. Ikibadilika kabisa na muda unakwenda, rudi kwenye duara la majaribio na ujifunze hali mpya kabla ya kutumia risasi ya kuhesabiwa.

Hatua ya saba: siku ya mashindano

Fika mapema, bunduki ikiwa tupu, bolti nje, ndani ya begi lililofungwa. Weka kinga ya masikio na miwani; .22 ni ndogo, lakini ganda likipasuka halichagui jicho. Bolti iingie tu msimamizi akiruhusu, na itoke kila anapotangaza watu kwenda kwenye shabaha.

Piga risasi kumi hivi za kuamsha mtutu kwenye tuta au maduara ya majaribio. Shika bunduki kwa namna moja tangu ya kwanza hadi ya 25: kama bega linagusa kitako, liguse kila mara, kama haligusi, lisiguse kabisa. Bunduki nyepesi haisamehi mabadiliko ya mkono jinsi zile nzito zinavyosamehe. Gawanya muda uliotangazwa na msimamizi kwa 25, lakini usiufuate kama saa ya kanisani. Hali nzuri ikija, piga maduara matano mfululizo. Hali mbaya ikija, kaa na maji yako.

Usafishaji ni mfupi. Fimbo iingie nyuma, kupitia kiongozi cha fimbo, kamwe isiingizwe mdomoni mwa mtutu. Vitambaa vichache vyenye mafuta mepesi, kisha vikavu, kisha risasi kumi za kurudisha nta kabla ya kushindana tena. Mkaa mgumu hujikusanya mbele ya chemba. Huo ndio wa kuondoa kwa bidii, si ung'avu wa mtutu mzima. Wakati wa masika, mafuta nje ya bunduki kila baada ya kuishika, maana jasho la mkono na ukungu wa Meru havipatani na chuma.

Weka daftari: tarehe, toleo la risasi, joto, bendera, alama. Ukishaweza kupata 230 kati ya 250 mara kwa mara kwa bunduki ile iliyotoka dukani, hapo unaweza kufikiria mtutu wa oda na kitako cha mashindano. Kabla ya hapo, kila shilingi uliyonayo iende kwenye risasi za toleo moja na kwenye asubuhi zaidi za kusoma bendera.